Kurudia ANA kila kliniki? Hapana

Dada, umeuliza kama mama arudie ANA (kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshambulia viini vya seli za mwili wenyewe) kila kliniki kuona kama lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, imetulia. Hiyo ni hela ya bure. ANA ikishakuwa chanya kwa kawaida hubaki chanya hata mgonjwa akiwa hana dalili. Kazi yake ni kusaidia kuutambua ugonjwa. Kinachopanda na kushuka kwa wagonjwa wengi ni kingamwili dhidi ya DNA, kwenye fomu imeandikwa anti-dsDNA. Isomeni pamoja na C3 na C4, protini za kinga zilizo kwenye damu: ya kwanza ikipanda na hizi mbili zikishuka, daktari ataziwazia figo, maana lupasi huweza kuzishambulia. Ila wapo ambao iko juu miaka na wanadunda tu, hawaongezewi dawa kwa sababu ya karatasi. Kipimo cha protini kwenye mkojo, cha bei nafuu, ndicho msikiruke.