Waliopotea niwafute?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni wa muda wanaoishi wagonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi baada ya mionzi. Wengi hawakurudi kliniki na simu hazipatikani, nikawaondoa. Msimamizi anataka niwarudishe wote. Nitamhesabuje mtu nisiyejua kama yu hai?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamizi yuko sahihi. Mwisho wao huujui, lakini unajua kwamba hadi tarehe ya mwisho kwenye kadi walikuwa hai. Miezi hiyo usiitupe. Wanatakwimu Kaplan na Meier walituonyesha namna ya kuitumia mwaka 1958.

Chukua kalamu. Mwaka 1963, Marekani, yalichapishwa matokeo ya dawa ya merkaptopurini kwa wagonjwa wa leukemia (saratani ya damu) waliokwishapata nafuu. Hapa kinachohesabiwa ni ugonjwa kurudi, kama wewe unavyohesabu kifo. 21 walipewa dawa hiyo. Wiki ya 6 ugonjwa uliwarudia 3, wakabaki 18 kati ya 21. Mwingine ufuatiliaji wake uliishia wiki hiyohiyo akiwa mzima, basi naye anatoka. Wiki ya 7 inaanza na 17, unamrudia 1: 16 kati ya 17. Zidisha sehemu hizo mbili, unapata asilimia 81 ya ambao ugonjwa haujawarudia.

Sasa fanya ulivyofanya wewe. Wafute wote 12 ambao ugonjwa haukuonekana kuwarudia. Wanabaki 9, na kufikia wiki ya 7 umeshawarudia 4, wazima ni 5 kati ya 9. Asilimia 56! Dawa ni ileile. Umewafuta walionufaika, na mmoja wao alifika wiki ya 35.

Ila hesabu hii inachukulia kwamba aliyepotea hana tofauti na aliyebaki, na hapo ndipo ninapokuwa mkali kwa wanafunzi. Mbarara, Uganda, watafiti waliwatafuta baadhi ya waliopotea kwenye kliniki ya VVU. Makadirio ya vifo yakapanda mno. Mama aliyezidiwa akarudishwa kijijini ndiye huyo asiyepokea simu. Kibali chako cha maadili kikiruhusu, piga namba ya ndugu iliyo kwenye faili.

Kwenye kompyuta weka safu mbili: miezi, na 1 kwa aliyefariki au 0 kwa asiyejulikana kufariki. Sifuri iandike, usiache wazi. Modeli ya Cox ya 1972, inayopima mambo kadhaa kwa mpigo, isubiri hadi utakapotaka kupima umri na hatua ya saratani kwa pamoja. Na kila mgonjwa mhesabie kuanzia siku ya mionzi ya kwanza, si huyu siku hiyo na yule siku aliyofunguliwa faili.