Maswali Yenu ya Afya: Zahanati Ipo, Muuguzi Hayupo

Swali: Mimi ni fundi wa nguo hapa Kayole. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, anaishi kijijini upande wa Mwingi, Kaunti ya Kitui, na ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Zahanati iko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani, imepakwa rangi vizuri na ina tangi la maji. Hata hivyo, mwezi uliopita, mara mbili alikuta mlango umetiwa kufuli, na siku aliyompata muuguzi aliambiwa dawa zimekwisha, akaandikiwa karatasi akanunue mwenyewe. Sasa kila mwezi ninamtumia nauli aje Nairobi. Kwa nini zahanati ijengwe kisha iachwe hivyo, na mimi nifanye nini?
Msomaji, Kayole

Jibu: Ndugu msomaji, jengo hulipiwa mara moja, ilhali muuguzi na dawa hulipiwa kila mwezi, miaka nenda, miaka rudi. Tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka wa 2003, zahanati nyingi za mashinani zimejengwa kwa fedha za hazina hiyo, lakini mishahara ya wauguzi na ununuzi wa dawa ni jukumu la serikali za kaunti tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka wa 2013. Anayekata utepe siye anayelipa mshahara, na sijawahi kuona mwanasiasa akiwaita wanahabari waje kupiga picha katoni ya dawa za presha.

Kufuli hiyo ninaifahamu, kwa kuwa niliwahi kuwa mwenye ufunguo. Nilipokuwa muuguzi wa pekee katika zahanati ya mashambani, siku yangu ilianza kwa kusoma kipimajoto cha friji ya chanjo, ambayo ni sharti ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi, na kuandika kiwango hicho kwenye chati iliyobandikwa mlangoni mwake. Gesi ya friji ilipokwisha, nilipanga chanjo katika kisanduku chenye barafu, nikafunga mlango na kupanda bodaboda hadi kituo cha afya ili zisiharibike. Mgonjwa aliyefika saa hiyo alikuta kufuli. Nilifunga pia nilipopeleka ripoti za mwisho wa mwezi, nilipoitwa kwenye mafunzo, na asubuhi moja baada ya kumzalisha mama usiku kucha, nilipokuwa siwezi hata kushika kalamu. Wanakijiji walisema daktari ametoroka kazi, nami sikuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba nyuma ya mlango ule kulikuwa na mtu mmoja tu.

Dawa nazo zina safari yake. Zahanati huandika mahitaji yake, kaunti huyajumlisha na kuagiza, kwa kiasi kikubwa kutoka kwa KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa. Kaunti inapolimbikiza madeni, shehena huchelewa, na inapofika huja pungufu. Dawa za presha huisha mapema kwa sababu anayezitumia huzitumia kila siku ya maisha yake, tofauti na mgonjwa wa malaria, ambaye dozi yake huisha kwa siku chache.

Kuhusu mama, safari za kila mwezi zinamchosha bila sababu ya kutosha. Akija kliniki tena, mwombe daktari amwandikie dawa za miezi miwili au mitatu iwapo presha yake imetulia, na arudi nyumbani na barua inayotaja dawa na vipimo vyake. Kisha mtafute mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000, na mkoba wao una mashine ya kupima presha, hivyo mama anaweza kupimwa akiwa kwake. Hakikisha pia amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya taifa, NHIF, tangu Oktoba 1, 2024. Akishasajiliwa, huduma za zahanati na kituo cha afya hugharimiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, hata kama hajalipa mchango. Mchango huhitajika kwa matibabu ya hospitali kubwa.

Usiishie kwa mama pekee. Zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wakazi ndani yake, na ndugu zako walioko nyumbani wanaweza kuiuliza ni wauguzi wangapi wameombwa na lini dawa ziliagizwa mara ya mwisho. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na sheria inataka wananchi wahusishwe. Katika mikutano hiyo watu huomba jengo jipya la wajawazito. Ombeni muuguzi wa pili.

Swali: Ndugu yetu aliumia vibaya akiwa mashambani. Hospitali ilisema apelekwe kwingine, lakini tukatakiwa kwanza kuchangia mafuta ya ambulensi. Tulikaa saa tatu tukituma pesa kutoka Nairobi. Je, hilo ni halali?
Msomaji, Githurai

Jibu: Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inajumuisha katika matibabu hayo kutuliza hali ya mgonjwa na kupanga rufaa. Kumchelewesha majeruhi hadi jamaa wachange ni kinyume cha sheria hizo. Andikeni malalamiko kwa idara ya afya ya kaunti husika, mkitaja tarehe, saa mliyofika na saa gari lilipoondoka, na mwambatishe ujumbe wa simu unaoonyesha pesa zilitumwa kwa nani.