Kabla Hujanunua Spana kwa Jina

Kijana mmoja wa Mikindani, hapa Mombasa, anayejiandaa kufungua gereji yake ameniandikia juzi: "Ami, ninunue spana za kampuni gani nisijute?" Nimemjibu kwa simu, lakini maneno yamekuwa mengi, na nyinyi mnaonisoma najua mna hamu hiyo hiyo ya kuacha kuazima vifaa vya watu. Basi nayaweka hapa.

Mimi nimefundishwa kazi na mzee mmoja wa Changamwe aliyekuwa na spana za Kiingereza tangu enzi za malori ya Bedford na Leyland. Nyingi zilikuwa za vipimo vya Whitworth, vile vya zamani vya Kiingereza, haziingii kwenye nati za lori la leo, lakini midomo yake haijapanuka hata sasa. Kila jioni alizipangusa kwa kitambaa cha oili, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma. Kwake nilijifunza kuliheshimu jina lililopigwa kwenye shingo ya spana, na nilipoanza kujitegemea nikanunua majina makubwa yale yale. Kwa miaka mingi sikuwa na neno.

Mwaka huu racheti yangu, ule mkono wenye meno ndani unaozungusha soketi, ya jina kubwa, nisilotaka kulitaja, imekatika meno nikifungua nati ya kawaida. Sikuiongezea paipu mkononi ili kuzidisha nguvu wala sikuigonga nyundo. Kadi yake imeandikwa dhamana ya maisha. Nikaipeleka dukani pamoja na risiti. Yule wa kaunta hata hakuishika. Akasema dhamana hiyo ni ya wateja wa ng'ambo, akamgeukia mteja mwingine. Jambo hili limeniuma na bado laniuma. Pesa hutafutwa. Lakini mimi nimefunza vijana ambao leo wana gereji zao Jomvu na Miritini, halafu nisimamishwe kaunta kama mtu aliyekuja kuomba?

Kwa uchungu huo nikaanza kuzifuatilia hizi dhamana zimetoka wapi. Chukueni jina la Craftsman. Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, ilianza kuuza vifaa kwa jina hilo mwaka 1927. Sears yenyewe haikuwa ikifua spana; iliviagiza vifaa kwa viwanda vya wengine, vikapigwa jina lake. Kilicholijenga jina lile ni kaunta: spana ikivunjika, mtu aliingia duka la Sears akapewa nyingine, na risiti haikuulizwa. Mwaka 2017 jina likauzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker kwa takriban dola milioni 900. Oktoba 2018 Sears ikaenda mahakamani kwa kufilisika. Vifaa vya jina hilo vingali vinauzwa, lakini zile kaunta za Sears zilizolipa jina hilo heshima karibu zote zimefungwa. Bahco, jina la vifaa la Uswidi, nayo iko chini ya Snap-on ya Marekani tangu 1999. Sisemi kwamba kila jina likiuzwa vyuma huharibika. Nasema mwenye jina, mwenye kiwanda na mwenye duka siku hizi ni watu watatu, na ukiwa Mombasa unayemjua ni mmoja tu.

Wala msikimbilie kulaumu nchi. Taiwan wanafua soketi, vile vikombe vya kushika nati, nzuri sana. Kiwanda kimoja chaweza kutoa spana ya bei ya chini na ya bei ya juu. Tofauti iko kwenye chuma alicholipia mwenye jina, na jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa. Spana isiyopashwa sawasawa mdomo hupanuka, nati ikaliwa pembe, na hapo ndipo fundi anapotukanwa na mwenye lori.

Kwa hivyo nendeni dukani na bolti mpya mfukoni. Ivisheni spana, itikiseni. Ikicheza sana, irudisheni hata kama jina lake ni la dhahabu. Tazameni kromu kwenye kona za ndani: ikiwa na malengelenge, hewa ya huku itaibandua na itawakata viganja. Soketi chagueni ya pembe sita, si kumi na mbili, kwa sababu nati zetu zina kutu, na pembe sita hushika ubavu wa nati vizuri zaidi. Racheti ni ya kuzungusha nati iliyokwisha kulegea; kuilegeza, tumieni mkono mrefu usio na meno. Na dhamana nyingi hazimlindi aliyetia paipu, hilo mlijue.

Kuna jambo moja la sheria ambalo mafundi wengi hawalijui. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kufanya na kutegemea ujuzi wake. Lakini ukiagiza kitu kwa jina lake la biashara, ulinzi huo wa kufaa kwa kazi yako haupo. Kwa hivyo usiseme "nipe ya kampuni fulani." Sema: "Nataka soketi ya kufungua nati za magurudumu ya lori, wewe wanipa ipi?" Kisha muulize: "Ikivunjika, atanibadilishia nani, hapa hapa mjini?" Jibu lake liandikwe kwenye risiti na kupigwa muhuri. Risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo, kwani maandishi ya zile karatasi za mashine hufifia kwa joto letu.

Duka dogo linalokubali kuandika hivyo lina thamani kuliko kadi yenye maneno ya kuvutia. Nasema tena: muulizeni muuzaji kabla ya kutoa pesa, si baada.

Na wewe kijana wa Mikindani, usinunue seti ya vipande mia ndani ya sanduku la plastiki. Anza na spana za milimita 10, 13, 17, 19, 22 na 24, moja moja, ukizipima kwa bolti. Kisha pima nati za magurudumu ya malori utakayohudumia, nyingi zitakuwa 32 au 33, na hiyo soketi ndiyo uitolee pesa nyingi kuliko zote.