Soma Alama za Chuma Kabla ya Kulipia Hadithi

Ndugu, umeuliza kama ulipe bei ya juu kwa bunduki ya Mosin-Nagant, bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi, ambayo muuzaji anadai ilipigana katika mji wa Stalingrad wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kama ukipige msasa kitako chake. Mapigano yale yalimalizika Februari 1943. Kwa hiyo tazama mwaka uliogongwa juu ya mtutu, karibu na chemba (mahali risasi inapokaa), kwani ukikuta 1944 dai hilo limeanguka hapo hapo. Hata mwaka ukiafiki, baada ya vita karakana za Kisovieti zilikarabati bunduki hizi kwa wingi, zikachanganya vipuri na kuvigonga namba upya, hivyo namba zinazolingana hazithibitishi kwamba vipuri hivyo vilikuwa pamoja vitani. Herufi SA zilizogongwa ndani ya kisanduku zina uzito zaidi kama ushahidi wa historia ya bunduki, ingawa si wa Stalingrad, maana zinaonyesha kuwa bunduki ilikuwa mali ya jeshi la Finland. Bila hati inayotaja namba ya bunduki yenyewe, mimi nisingelipa hata senti ya ziada. Msasa usiuguse kabisa, tafadhali: mikwaruzo na mihuri iliyofifia kwenye mbao ndiyo historia unayoikusanya, na ikishaondolewa hairudi. Hakikisha pia kwamba sheria inakuruhusu kuimiliki, na usiifyatue kabla fundi wa silaha hajaikagua.