Jibu: 4,294,967,297 si namba tasa

Mkuu, umeuliza kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Umeigawa kwa 3, 7, 11, 13 hadi 97, kila mara inaacha baki, ndiyo maana unahisi ni tasa. Usijilaumu, hata mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini hivyo. Mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, ndiye aliyeivunja mwaka 1732: 641 × 6,700,417.

Kubahatisha mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, yaani kama 65,536, ni kazi ya kukesha. Angalia namba yenyewe imejengwaje. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Kwa namba ya umbo hilo, kila kigawo tasa lazima kiwe zidisho la 128 likiongezwa 1. Basi andika: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa, zitupe. 257 inagoma. 641 inaingia bila baki. Majaribio mawili tu!

Hiyo 6,700,417 nayo ni tasa. Ukitaka kuhakikisha, sharti ni lilelile, mpaka kwenye kipeuo chake cha pili: jaribu 257, 641, 769, 1153 na 1409, basi.

Angalizo: kikokotoo cha tarakimu nane kitakudanganya hapa, kwa hiyo gawa kwa mkono au tumia programu inayotunza namba nzima bila kukadiria. Na kama unatafuta namba tasa za kufungia siri za mtandaoni, usijitengenezee mwenyewe, mwone mtaalamu wa usalama wa kompyuta.