Jibu: Foklifti ya tani 2.5 kuinua matairi ya nyuma

Mkuu, umeuliza kwa nini foklifti (mashine ya kuinua mizigo) ya tani 2.5 iliinua matairi ya nyuma kwenye ghala la korosho hapo Mtwara kwa magunia 30 tu. Piga hesabu: magunia 30 kwa kilo 80 kila moja ni kilo 2,400, bado chini ya tani 2.5. Sasa soma kibati cha mashine kinachoonyesha uwezo wake. Hizo tani 2.5 kwa kawaida ni pale kitovu cha mzigo (katikati ya uzito wake) kikiwa sentimita 50 kutoka mgongo wa uma, yaani sehemu iliyosimama wima ya vile vyuma vya mbele vinavyobeba mzigo. Magunia yakichomoza mbele, uwezo unashuka, na mlingoti (nguzo ya mbele inayopandisha uma) ukiwa juu ndiyo balaa. Punguza yawe 20, tembea uma ukiwa sentimita 15 juu ya sakafu, mlingoti umelalia nyuma. Kwenye mteremko, mzigo ubaki upande wa juu, yaani unashuka kinyumenyume. Na ikianza kupinduka ubavuni dereva asiruke! Wengi hubanwa na paa la kinga lililo juu ya kiti cha dereva. Mkanda umefungwa, ashike usukani, aegemee upande usioanguka.