Anza na kikombe kisicho na mkonge

Mara ya kwanza kupima sumu ya mkonge niliua vidudu vyote vya kipimo, hata vile ambavyo sikuvitilia tone la mkonge.

Sisi wa Tanga tunajua jani la mkonge linavyotoa nyuzi kidogo, kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni majimaji na machicha yanayotoka kwenye korona (mashine ya kutoa nyuzi, si ule ugonjwa). Nikasema nitayafanya dawa ya wadudu wa mchicha. Jirani akaniuliza: "Na sie walaji je?" Sikuwa na jibu, ndipo nikaanza kupima.

Kipimo cha kuanzia hakina gharama kubwa: artemia, jamaa wa uduvi. Mayai yake makavu huuzwa kwa wafuga samaki. Nilichota maji ya bahari Raskazone, nikayachuja, nikayawekea taa na pampu ya hewa. Baada ya siku moja hadi mbili mayai niliyotia humo yakaanguliwa. Kila kikombe vidudu 10, na kila kiwango vikombe vitatu: mikrogramu 10, 100 na 1000 za mkonge uliokamuliwa kwa kila mililita ya maji. Baada ya saa 24, hesabu waliokufa. Kiwango kinachoua nusu yao kikiwa chini ya 1000, kwa kawaida husemwa hiyo ni sumu.

Sasa kosa langu. Nilikamulia kwa spiriti na sikuikausha vizuri. Bahati, kikombe cha kulinganishia nilikitilia spiriti ile ile bila mkonge, nacho kikafa chote. Bila hicho ningetangaza dawa kali kumbe nimepima spiriti.

La pili lilinichukua muda zaidi. Maji ya mkonge ni makali, yana tindikali, na tindikali peke yake inaweza kuua. Pima kwa karatasi ya kupimia tindikali, rekebisha kwa magadi ya kuokea kidogo kidogo mpaka ikaribie maji ya bahari, halafu linganisha na yasiyorekebishwa. Wakiendelea kufa, shuku saponini, kemikali za mmea zinazotoa povu kama sabuni: tikisa chupa, povu likikataa kuisha, huenda ndizo hizo. Na samaki hawaziwezi, kwa hiyo mabaki usimwage mtoni.

Wasipokufa, usikimbilie kuandika "salama" kwenye chupa. Artemia si mtoto wa jirani. Mboga ya kuliwa inahitaji maabara na vipimo vingine.

Mchicha wangu bado sijaunyunyizia. Chupa zote zina tarehe ya kukamua, maana machicha yakikaa huchachuka, na ya siku ya kwanza siyachanganyi tena na ya siku ya tano.